John Boyd Orr, daktari aliyepima madini kwenye majani ya ng'ombe

KATIKA miaka ya 1920 wafugaji wa eneo la Nakuru, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, walisumbuliwa na ugonjwa wa ng'ombe ambao haukusikia josho wala chanjo. Ng'ombe alisimama kwenye majani mengi, akala, lakini akazidi kukonda. Manyoya yalisimama, fizi na macho vikapauka, maziwa yakakauka na mwisho mnyama akaanguka. Walowezi waliokuwa na mashamba huko waliupa ugonjwa huo jina la mahali, wakauita nakuruitis. Walikuwa na hakika na jambo moja tu: ng'ombe akihamishwa mapema kwenda malisho ya sehemu nyingine, alipona bila kuchomwa sindano.

Ugonjwa unaopona kwa kuhama shamba hauwezi kuwa wa kuambukiza. Kosa lilikuwa kwenye majani yenyewe, au kwenye udongo unaoyaotesha. Hili ndilo lililokuwa swali la John Boyd Orr, daktari wa Kiskochi aliyeongoza Taasisi ya Rowett huko Aberdeen. Wengi wanamfahamu kama Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1949. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alikaa miaka mingi akipima chokaa, fosforasi na chuma katika vyakula vya nguruwe, kondoo na ng'ombe wa maziwa.

Boyd Orr alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, magharibi mwa Uskochi, katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe na alikuwa mtu wa dini sana. Mtoto akiwa na miaka mitano, meli ya baba yake ilipotea baharini na mali ya familia ikayumba. Nyumba ya Kilmaurs iliuzwa, wakahamia West Kilbride, pwani. Alipofika miaka 13 alipata ufadhili wa kusoma Kilmarnock, lakini machimbo ya familia hayakuwa mbali na shule, na kijana akaona raha zaidi kukaa na vibarua wa mawe. Baada ya miezi minne alirudishwa nyumbani, akiwa amejifunza matusi mengi kuliko masomo. Alimalizia shule ya kijijini, akawa mwanafunzi anayefundisha wenzake wadogo.

Akiwa na miaka 19 alipata nafasi ya ualimu na Chuo Kikuu mjini Glasgow. Huko ndiko alikoona umaskini wa mjini kwa macho yake. Alipohitimu mwaka 1902 alipangiwa shule katika mtaa wa maskini, watoto wakiwa wamejazana darasani, wengi wenye njaa na chawa. Aliacha kazi hiyo baada ya siku chache, kwa kuwa aliona hawezi kumfundisha mtoto ambaye tumbo lake ni tupu. Alihamia shule ya Saltcoats, akakaa miaka mitatu, na jioni akafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu ili kuongeza kipato. Ujuzi huo wa hesabu za biashara ulimfaa maisha yake yote. Wanasayansi wengi hawana.

Aliporudi chuoni kusomea elimu ya viumbe na udaktari hakuwa na fedha. Alichofanya kitaeleweka vizuri na wafanyabiashara: alichukua mkopo wa benki, akanunua jengo la vyumba vya kupangisha kwa rehani, na kodi ya wapangaji ikamlipia ada yeye na mdogo wake. Alipomaliza masomo aliliuza jengo hilo kwa faida ndogo. Bado alibaki na deni benki, hivyo mwaka 1912 alipopata udaktari hakwenda hospitalini bali alijiajiri kama daktari wa meli iliyofanya biashara kati ya Uskochi na Afrika Magharibi, kazi iliyomwezesha kulipa deni haraka. Baada ya miezi minne alirudi Glasgow kufanya utafiti wa lishe.

Taasisi isiyokuwepo

Tarehe 1 Aprili 1914 Boyd Orr aliripoti Aberdeen kuongoza taasisi mpya ya utafiti wa lishe ya wanyama, akakuta hakuna taasisi. Kulikuwa na mpango wa kujenga maabara ya mbao, pauni 5,000 za ujenzi na pauni 1,500 kwa mwaka za uendeshaji. Yeye aliandika mpango wa pauni 50,000. Kamati ilishtuka. Bila kusubiri, alizichukua zile pauni 5,000 akajenga sehemu ya kwanza ya jengo kubwa kwa mawe magumu ya granaiti, maana alijua kibanda cha mbao kikishasimama hakuna atakayetoa fedha za kujenga kitu kingine. Ni mbinu ambayo mkaguzi wa hesabu asingeipenda, lakini jengo lilibaki.

Vita Kuu ya Kwanza ilikatisha kazi. Boyd Orr alikwenda mstari wa mbele nchini Ufaransa kama daktari wa kikosi, akapata nishani mbili za ushujaa, moja baada ya mapigano ya Somme na nyingine baada ya Passchendaele. Huko nako alifikiria chakula. Aliwatuma askari wake kuchuma mboga katika bustani zilizoachwa na wenyewe, wakaongezea kwenye mgawo wao wa kijeshi. Aidha, alihakikisha kila mmoja anapewa viatu vinavyozidi mguu wake kwa namba moja ili miguu isioze kwenye mahandaki. Vikosi vingine vilikuwa vikipeleka wagonjwa hospitalini. Chake hakikuwa na haja hiyo.

Aliporudi mwaka 1919 alianza kutafuta fedha. Serikali ilikubali kulipa nusu ya gharama za mpango wake kama nusu nyingine angeipata kwingine. Aliipata kwa John Quiller Rowett, mfanyabiashara wa vileo aliyekuwa amechuma faida kubwa wakati wa vita. Rowett aliahidi pauni 10,000 mwaka wa kwanza, nyingine 10,000 mwaka wa pili, na 2,000 za kununulia shamba. Aliweka sharti moja: kama utafiti wa lishe ya mifugo utagundua jambo linalohusu lishe ya binadamu, taasisi iruhusiwe kulifuatilia. Taasisi ilipewa jina lake na ikafunguliwa mwaka 1922. Sharti la Rowett lilikuja kugeuza maisha ya Boyd Orr yote.

Kinachobaki majivuni

Wakati huo wataalamu wengi walipima chakula cha mifugo kwa mambo mawili: nguvu mwilini na protini. Habari za vitamini zilikuwa zimeanza kusikika, na Boyd Orr alikuwa mzito kuzipokea. Yeye na wenzake walielekeza macho kwenye majivu.

Ukichoma majani makavu mpaka yaishe, kinachobaki ni madini: kalsiamu, fosforasi, chumvi, chuma, shaba na mengine. Mimea haiyatengenezi bali inayachota ardhini. Udongo usiokuwa nayo hauwezi kuyatoa, hata mvua inyeshe vipi. Rowett walianza na nguruwe waliolishwa nafaka tupu, wakaona mifupa inalegea na ukuaji unadumaa kwa kukosa chokaa, kwani nafaka ina kalsiamu kidogo sana. Walipoongeza madini, nguruwe walikua. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ya nguruwe alikuwa Walter Elliot, rafiki wa Boyd Orr tangu chuoni Glasgow, ambaye baadaye aliingia siasa na kuwa Waziri wa Kilimo wa Uingereza. Urafiki huo ulikuja kuwa na faida kwa wenye ng'ombe, kama itakavyoonekana.

Kwa ng'ombe wa maziwa hesabu ni kali zaidi kuliko kwa nguruwe, sababu ng'ombe anatoa madini nje kila asubuhi na jioni. Lita moja ya maziwa hubeba takriban gramu 1.2 za kalsiamu na karibu gramu 0.9 za fosforasi. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku kwa siku 300 atakuwa ametoa zaidi ya kilo 3.5 za kalsiamu kwenye ndoo. Mzigo huo unatoka ama kwenye chakula, ama kwenye mifupa yake mwenyewe. Ng'ombe wa kienyeji anayetoa lita mbili anaweza kuvumilia malisho maskini. Wa kisasa anayetoa lita 20 kwenye malisho yale yale anajikopa mwilini, na deni linaonekana pale anapochelewa kushika mimba au anapolala chini na homa ya maziwa baada ya kuzaa.

Boyd Orr alikusanya matokeo kutoka sehemu nyingi za dunia. Afrika Kusini, Arnold Theiler na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ng'ombe wanaotafuna mifupa machungani hawana wazimu wala tabia mbaya. Wanatafuta fosforasi ambayo majani ya huko hayana. Wengi wao walikufa kwa sumu iliyokuwa kwenye mifupa iliyooza. Walipopewa unga wa mifupa salama waliacha kutafuna na wakanenepa. (Leo dawa hiyo inahitaji tahadhari. Tangu kichaa cha ng'ombe kilipogunduliwa Uingereza mwaka 1986, nchi nyingi zilipiga marufuku kulisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa, na fosforasi ya kiwandani ikachukua nafasi.)

Mwaka 1929 alitoa kitabu kuhusu madini katika malisho na uhusiano wake na lishe ya wanyama. Hoja yake kuu ilikuwa rahisi. Shamba linalouza maziwa, nyama na ngozi mwaka hadi mwaka bila kurudisha kitu linauza udongo wake kidogo kidogo. Fedha zinaingia huku mtaji unapungua, na hakuna anayeandika upungufu huo kitabuni.

Chuma au kobalti

Utafiti huo ndio uliofika Kenya. Sampuli za majani kutoka maeneo yenye ugonjwa na yasiyo na ugonjwa zilipimwa na kulinganishwa. Dalili za nakuruitis zilifanana na za upungufu wa damu, na damu inahitaji chuma, hivyo fikra za wakati ule zilielekea kwenye chuma. Kule New Zealand kulikuwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo, na wafugaji walipowapa ng'ombe mawe ya chuma yaliyosagwa, wengi walipona. Ushahidi ulionekana umekamilika.

Haukuwa umekamilika. Mwaka 1935 watafiti wa Australia Magharibi, Eric Underwood na mwenzake J. F. Filmer, walichukua mawe hayo wakayaondolea chuma chote. Mabaki yaliendelea kuponya. Walipochambua zaidi walikuta kazi yote inafanywa na kobalti, uchafu mdogo uliokuwa umejificha ndani ya chuma. Baadaye ilithibitika kwamba hata nakuruitis ya Bonde la Ufa ni upungufu wa kobalti. Maabara za miaka ya 1920 zilikuwa na shida kubwa kuyapima madini yaliyomo kwa uchache kiasi hicho, na Boyd Orr na wenzake walitafuta kwa taa waliyokuwa nayo. Mahali walipapata, yaani kwenye udongo na majani. Jina la madini ndilo lililowapita.

Maelezo ya mwisho yalikuja mwaka 1948, vitamini B12 ilipopatikana ikiwa safi Marekani na Uingereza na kugundulika kwamba ndani yake mna kobalti. Ng'ombe haitumii kobalti moja kwa moja. Vijidudu vya tumbo lake kubwa ndivyo vinavyoichukua na kutengeneza vitamini hiyo, na bila vitamini hiyo mnyama hawezi kugeuza chakula kuwa nguvu wala kutengeneza damu. Ndiyo maana anakufa njaa tumbo likiwa limejaa majani.

Kiasi kinachotakiwa kinashangaza kwa udogo. Ng'ombe anahitaji kama miligramu 0.1 ya kobalti katika kila kilo ya chakula kikavu. Anayekula kilo 10 za chakula kikavu kwa siku anahitaji miligramu moja, ambayo kwa mwaka mzima haifiki nusu gramu. Shaba inahitajika zaidi, takriban miligramu 10 kwa kilo. Madini joto ni miligramu 0.5 hivi kwa ng'ombe anayekamuliwa. Akiyakosa anaweza kuzaa ndama mfu au ndama mwenye uvimbe shingoni. Kuna pia zinki kwa ajili ya kwato na ngozi, na seleniamu, ambayo upungufu wake huonekana mara nyingi kwa kondo la nyuma kukataa kutoka.

Kwa mfugaji, jambo hili lina upande wa fedha ambao wauza pembejeo hawapendi kuusema. Jiwe jeupe la chumvi ni chumvi tu. Linampa ng'ombe sodiamu, lakini haliwezi kutibu upungufu wa shaba wala wa kobalti. Jiwe au unga wenye madini mchanganyiko huandikwa kila madini na kiasi chake, na mfuko usioandikwa haujulikani una nini. Kwa upande wa pili, kuongeza bila kipimo ni hatari. Shaba inayomfaa ng'ombe inaweza kumuua kondoo anayelamba jiwe hilo hilo, na seleniamu ikizidi ni sumu kwa wote. Aidha, hakuna madini yanayoziba pengo la chakula. Ng'ombe anayekula mabua matupu hana njaa ya kobalti, ana njaa.

Wafugaji wa Bonde la Ufa hawakungoja Aberdeen kulijua hilo la chumvi. Tangu zamani walipeleka mifugo kwenye maeneo ya magadi na udongo wa chumvi, na walijua ni malisho gani yanamrudishia ng'ombe afya. Kilichobadilika katika enzi ya ukoloni ni kwamba ardhi ilikatwa. Mashamba ya walowezi na mipaka ya maeneo waliyotengewa Waafrika ilizuia kuhamahama, na dawa ya kuhama ikawa haipatikani kwa wote.

Kutoka zizini hadi mezani

Kenya ilimpa Boyd Orr jambo la pili. Pamoja na Dk. John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya koloni, alilinganisha afya ya Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula nafaka, viazi na kunde. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1931. Ilisema mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, na kwa nguvu za misuli kwa asilimia 50. Kwa wanawake tofauti ilikuwa ndogo zaidi, kwa kuwa mama wa Kikuyu alikula mboga za majani ambazo wanaume waliziacha.

Taarifa hiyo ilisifiwa sana na ina kasoro. Ilitaka kueleza karibu kila kitu kwa chakula, ikapita haraka kwenye magonjwa, asili ya watu na hasa suala la nani alikuwa amechukua ardhi ya nani. Wanahistoria wa baadaye wameikosoa kwa hilo, na wana haki. Lakini kwa Boyd Orr ilikuwa daraja: njia iliyotumika kupima ng'ombe kwa malisho yake ilikuwa imetumika kwa watu.

Daraja jingine lilikuwa la maziwa. Miaka ya 1920 wafugaji wa Uingereza walikuwa na maziwa ya ziada yasiyo na mnunuzi, huku watoto wa mitaa ya maskini wakiwa wamedumaa. Kwa sharti la Rowett, taasisi ilikuwa na ruhusa ya kuvuka kutoka zizini kwenda shuleni. Boyd Orr alisimamia jaribio katika miji mikubwa ya Uskochi na Belfast, ambako watoto wa shule waliongezewa maziwa kwa miezi saba. Waliopewa maziwa walikua kwa kasi iliyowazidi wenzao kwa takriban asilimia 20. Kilichovutia zaidi ni kwamba hata maziwa yaliyotolewa mafuta, ambayo wakati huo yalionekana hayana thamani, yalitoa matokeo hayo hayo. Madini na protini zilikuwa bado zimo.

Hapo ndipo urafiki na Walter Elliot ulipofanya kazi. Elliot akiwa Waziri wa Kilimo, bodi ya kuuza maziwa ya wafugaji iliundwa mwaka 1933, na mwaka uliofuata serikali ikaanza mpango wa maziwa shuleni: mtoto alilipa nusu peni kwa chupa ya theluthi moja ya painti, na hazina ikafidia tofauti. Mtoto alipata kalsiamu, mfugaji akapata soko la uhakika la kila siku ya shule. Ni mara chache sera moja hupunguza ziada na upungufu kwa pamoja, na hii ilifanya hivyo kwa sababu ilianzia kwenye vipimo.

Mwaka 1936 Boyd Orr, aliyekuwa amepewa cheo cha Sir mwaka mmoja kabla, alitoa kitabu kilichomletea umaarufu na maadui. Kwa kutumia bajeti za familia 1,152, alionyesha kwamba chakula kinachotosha kwa afya kamili kilipatikana tu kwa nusu ya Waingereza wenye kipato cha juu. Watu milioni 4.5 wa mwisho kabisa walitumia wastani wa shilingi 4 kwa kichwa kwa wiki kwa chakula. Kundi hilo lilikunywa kama lita moja ya maziwa kwa wiki kwa kila mtu. Tajiri alikunywa zaidi ya lita tatu. Serikali haikufurahi. Wengine walimtuhumu kwamba ameacha sayansi na kuingia siasa, lakini takwimu zake hazikuweza kufutwa. Kwa mchumi, somo la kurasa hizo linabaki bichi: maziwa yanayoitwa ya ziada sokoni mara nyingi ni maziwa ambayo wanaoyahitaji hawana fedha ya kuyanunua.

Vita ya pili ilipokuja, mawazo yake yaliingia kwenye mgawo wa chakula. Kuanzia mwaka 1940 wajawazito na watoto wadogo walipewa painti moja ya maziwa kwa siku kwa bei ndogo au bure. Yeye mwenyewe vita ilimgharimu: mwanawe wa pekee aliuawa mwaka 1942 akiwa katika jeshi la anga.

Bodi ya chakula ya dunia

Boyd Orr aliondoka Rowett mwaka 1945, akawa mbunge huru kwa muda mfupi. Oktoba mwaka huo wajumbe wa mataifa walikutana Quebec, Kanada, kuunda FAO. Yeye hakuwa mjumbe kamili, alikwenda kama mshauri tu, lakini mkutano ukamchagua kuongoza shirika jipya. Alikuwa na miaka 65.

Alikuta dunia yenye njaa baada ya vita na shirika lenye kazi ya kukusanya takwimu. Mwaka 1946 aliongoza kuundwa kwa baraza la dharura la kugawa nafaka zilizokuwa haba. Septemba mwaka huo, mjini Copenhagen, alileta mpango mkubwa zaidi: Bodi ya Chakula ya Dunia. Bodi ingenunua mazao bei inapoanguka na kuyahifadhi, ingeyauza bei inapopanda, na ziada ingeuzwa kwa masharti nafuu kwa nchi zenye upungufu. Mkulima angekuwa na bei anayoweza kuipangia, na mlaji asingekamuliwa mwaka wa ukame. Marekani na Uingereza hazikukubali kukabidhi fedha na mamlaka ya bei kwa chombo cha kimataifa, na mwaka 1947 mpango ulizikwa. Inawezekana ungeshindwa hata kama ungekubaliwa, kwani maghala ya kutuliza bei ni ghali na husimama au kuanguka kwa uaminifu wa wanaoyaendesha. Lakini yeyote aliyeuza mahindi wakati wa mavuno na kuyanunua tena miezi sita baadaye kwa bei mara mbili anaelewa Boyd Orr alikuwa akijaribu kutibu nini.

Alijiuzulu mwaka 1948. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel na cheo cha ulodi. Fedha zote za tuzo alizitoa kwa vyama vilivyotetea amani. Hakubaki maskini kwa hilo. Yule kijana wa nyumba za kupangisha alikuwa ameingia ukurugenzi wa makampuni na soko la hisa, na huko alipata fedha nyingi kuliko alizowahi kupata kwa sayansi.

Miaka yake ya mwisho aliishi shambani kwake Stracathro, karibu na mji wa Brechin. Alifariki huko tarehe 25 Juni 1971, akiwa na miaka 90. Taasisi aliyoijenga kwa granaiti ilijiunga na Chuo Kikuu cha Aberdeen mwaka 2008, na kazi yake kubwa sasa ni lishe ya binadamu.